Kaye ya Akina Montaubert

Kama uliwahi kualikwa kwenye arusi, matanga au ubatizo katika mtaa wa Shari, hapa Bunia, basi akina Montaubert unawafahamu, utake usitake. Papa Donatien Montaubert hakukosa kupewa neno, na akipewa neno hakukosa kuwataja. Alikuwa na kaye moja ya jalada la buluu, daftari alilolianza mwaka wake wa kwanza wa kufundisha historia, na humo ndani aliwapanga watu wote mashuhuri waliopata kuitwa Montaubert huko Ufaransa kwa miaka mia nane. Alikuwemo Guillaume, askari wa farasi aliyekwenda kwenye vita vya msalaba akarudi na sikio moja. Alikuwemo Mama Aliénor, aliyefungua ghala lake mwaka wa njaa akalisha mji mzima. Alikuwemo Maréchal, jemadari aliyeteka miji sita kwa msimu mmoja wa mvua, na Honoré, aliyezunguka misitu ya ng'ambo akichuma majani na kuyapa majina. Wa mwisho alikuwa injinia Gaston Montaubert, aliyekuja Kilo wakati wa Wabelgiji kuchimbisha dhahabu. Huyo, kwa maneno ya Donatien, "ndiye alitupatia siye jina."

Hapo wageni wengi walikuwa wanakumbuka kwamba chupa zao zimekwisha. Hadithi ya injinia waliijua kama Baba Yetu: shimo la dhahabu liliporomoka, babu yake Donatien akaingia kwenye vumbi, akamtoa mzungu mgongoni, na mzungu akamwambia, kuanzia leo wewe ni ndugu yangu, chukua jina langu. Donatien aliisimulia amesimama, mkono mmoja hewani, na kila mwaka mzungu alizidi kuwa mzito na shimo lilizidi kwenda chini. Watu walimcheka, wakampa jina la utani "Maréchal", naye akaitika. Ubaya uko wapi? Mtu hulipenda jina lake.

Na alikuwa na sababu ya kulipenda kuliko wengine. Mwaka ule serikali ya Zaire ilipoamuru kila mtu aache jina la kizungu achukue la mababu, baba yake Donatien alisimama mbele ya karani hana la kutoa. Jina la babu lililotangulia hilo la injinia hakuna aliyelijua nyumbani. Akasema tu, "Montaubert ndiyo jina ya mababu," karani akaangua kicheko, akaandika, akamwita mwingine. Kwa hiyo hawakuwa na jina lingine la kurudia. Donatien alizaliwa peke yake kwa baba yake, naye akamzaa Léontine peke yake. Angekufa bila kulipitisha kwa mtu, basi, Montaubert wa Kilo wangekwisha.

Sasa fikiria furaha yake Léontine alipojifungua mtoto wa kiume, na Jumamosi moja wakaja wakwe wamevaa makoti. Aliyewaongoza alikuwa Papa Ambroise, baba mkubwa wa Willy, mume wa Léontine. Huyu ni fundi wa vitanda, mtu wa maneno machache, na kwao pia ni kule kule Kilo. Desturi ni kwamba mtoto wa kwanza hupewa jina la upande wa baba. Ambroise akaketi, akaweka kofia kwenye goti, akasema, "Bokilo, mukwe wangu, mutoto ni wa kwetu, lakini jina tunaomba ya kwenu. Na tunaomba uisimamishe weye mwenyewe, Dimanshi ijayo, mbele ya batu yote."

Jumapili ya wiki iliyofuata! Donatien nusura amkumbatie. Régine, mke wake, alikuwa anamimina chai, akamwekea mume wake sukari mara mbili bila kuulizwa.

Kusimamisha jina, kwa familia hizi za kutoka Kilo, ni kazi yenye utaratibu. Mwenye jina anasimama na mtoto mikononi, anasimulia wote waliolibeba na waliyoyafanya. Akinyamaza, mzee wa upande wa pili anamuuliza mara tatu: Iko kitu imebakia? Akijibu mara tatu kwamba hakuna, ndipo anamnong'oneza mtoto jina sikioni, mara tatu pia, na jina limesimama. Siku hizi lile swali huulizwa kwa kucheka, watu wakiwa wameshaanza kunawa mikono. Wazee lakini hawalichezei. Ukificha kitu, wanasema, umemdanganya mtoto siku ya kwanza ya kuongea naye.

Jumanne akafika Shangazi Elisabeth kutoka Kilo, juu ya pikipiki, miaka themanini na sita, kitambaa cha kichwa chekundu kwa vumbi. Alikuwa dada mdogo wa baba yake Donatien, na katika dunia nzima ni yeye tu aliyebaki kati ya watu waliokula sahani moja na babu. Alipewa maji, akapewa mtoto, akapewa bugali na sombe ya majani ya muhogo. Donatien hakumwacha hata ameze. Alivuta kiti, akafungua kaye, akashika kalamu.

"Shangazi, ile siku ya shimo. Nataka nieleze vizuri Dimanshi. Muzungu alikuwa amevunjika muguu ao mukono?"

Elisabeth alicheka, halafu akaona mwenzake hacheki. Akaweka tonge chini.

"Shimo gani?"

"Shimo yenye ilianguka. Yenye babu alimutoa injinia."

"Nani alikuambia ile?"

"Baba."

"Eh, kaka yangu," alisema Elisabeth, akatikisa kichwa. "Kaka yangu alikuwa mutu wa haya. Donatien, mutoto wangu, injinia hakushukaka mu shimo hata siku moja. Alikuwa anakaa ku kivuli na kitabu yake. Babu yako alikuwa kapita."

"Kapita, ndiyo. Munyampara. Kiongozi wa batu."

"Kapita wa fimbo. Kila asubui, mbele ya kushuka, benye hawakufikisha kipimo ya jana balikuwa banalalishwa chini. Muzungu anasema fimbo nane. Babu yako anapiga kumi. Hakuna mutu alimuomba ile mbili ya juu. Na ni bale benye kupigwa balianza kumwita Montaubert, juu alikuwa anapiga na roho ya muzungu. Balikuwa banamutukana. Yeye akaitika, akaona ni cheo. Basi tukakua na ile jina, siye yote."

Donatien aliinuka. Akakaa. Akainuka tena, akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Aliuliza swali la kwanza lililomjia, "Na mbele ya ile, alikuwa anaitwa nani?"

"Sijui. Nilizaliwa nikakuta ni Montaubert. Siku moja nilimuuliza, akanifukuza na kijiti mpaka ku muto. Uzeeni hakukuwa anakaa chini, yule mutu. Ilikuwa kutembea, kutembea, asubui mpaka mangaribi. Kama weye pale." Akanawa vidole, akaongeza kwa sauti ndogo, "Na bale ba Ambroise, babu yao aliitwa Dheda. Babu yako alimupiga mpaka akabakia kiwete. Ile najua, nilimuona na macho yangu, akitembea."

Kumbe! Ndugu yangu, hebu jaribu kupokea habari ya namna hiyo na kaye imefunguka mkononi. Donatien aliona aibu, aibu yenyewe ya kuchoma masikio, na chini ya aibu aliona hofu. Akisema ukweli Jumapili, wakwe watachukua mtoto wao na kuondoka, na jina limekwisha. Na kama wataondoka na kinyongo? Mkoa huu umeona watu wakigombana kwa mambo madogo kuliko hayo, na Léontine ndiye analala nyumbani kwao. Akinyamaza, jina linaishi, lakini Ambroise, mjukuu wa Dheda, atamuuliza mara tatu, na mara tatu atamjibu uongo na mzao wa Dheda mdogo kuliko wote akiwa mikononi mwake.

Hakukaa tena wiki ile. Jumatano alitoka asubuhi, akapanda boulevard upande mmoja, akashuka upande mwingine, vumbi la malori likimpaka suruali. "Maréchal! Tutakula nini Dimanshi?" walimwita wauza nguo. Aliwapungia mkono bila kusimama. Aliingia sokoni akatoka hana alichonunua. Alikwenda kumwona rafiki yake mwalimu, akafika mlangoni, akageuka. Nyumbani alizunguka meza mpaka Régine akapiga kelele, "Donatien, kaa chini, utatoboa simenti!"

Alhamisi akajipa moyo, akaenda kwenye karakana ya Ambroise. Alimkuta anapiga randa ubao wa kitanda, maranda yamemfikia kwenye vifundo vya miguu.

"Bokilo," alisema Donatien, akiwa anazungukazunguka kati ya mbao, "nimefikiri. Desturi ni desturi. Mutoto wa kwanza ni jina ya kwenu. Siye tutangojea wa pili."

Ambroise hakusimamisha randa. "Hapana, bokilo. Tuliomba yenu."

"Lakini batu watasema..."

"Batu wanasemaka kila siku." Ambroise akapuliza vumbi la ubao, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Iko shida na jina?"

"Shida? Hapana. Shida gani?"

"Basi vizuri. Tuonane Dimanshi."

Donatien alitoka pale amelowa jasho. Alijichukia kwa ile "shida gani", alivyoitoa upesi, kama mwanafunzi aliyekutwa na karatasi chini ya meza. Na yule mzee, kwa nini alimtazama hivyo? Anajua? Hajui? Njia nzima alilibishania hilo na nafsi yake, mpaka mama mmoja muuza ndizi akamuuliza anagombana na nani.

Ijumaa akapata wazo. Injinia na kapita wake ni wawili tu, akasema, na akina Montaubert wako wengi. Dimanshi atawataja wale wa zamani, wale wasafi, atawarefusha mpaka watu wachoke, na Kilo atapita mbio. Mwenye Mama Aliénor na Honoré hakosi la kusema. Ila yale aliyoyaandika katika kaye yalikuwa mafupi, mistari miwili mitatu kwa kila mtu. Akaenda kwenye maktaba ya mapadri, kule alikoyanakili ujanani, akaomba kamusi kubwa ya watu mashuhuri. Bado ilikuwepo, kurasa zimeliwa na mchwa kwenye pembe. Akavaa miwani, akafungua herufi M.

Na hapo, jamani, alikutana na kijana fulani wa miaka ishirini na minne, naye ni yeye mwenyewe. Maana maneno aliyoyaandika katika kaye yalikuwepo yote, neno kwa neno, lakini kila mara yalisimama katikati ya sentensi. Guillaume alirudi na sikio moja, ndiyo, na kamusi iliendelea: lile la pili alikatwa na wenzake kwa kuiba chakula cha wagonjwa. Mama Aliénor alifungua ghala, baada ya kununua ngano yote ya nchi kabla ya njaa, na aliowalisha walibaki watumishi wake wao na watoto wao. Maréchal aliteka miji sita. Wa sita aliuchoma, na watu walikuwa kanisani. Honoré aliyapa majani majina aliyoambiwa na mtumwa aliyembebea sanduku miaka kumi na moja, na jina la mtumwa huyo hakuliandika popote.

Donatien alikumbuka. Alikumbuka hata kiganja chake cha kushoto, jinsi alivyokiweka juu ya nusu ya pili ya ukurasa ili jicho lisiende huko. Hakudanganywa na mtu, maskini ya Mungu. Alikuwa kijana anataka kuwa na watu wakubwa nyuma yake, akachukua nusu yenye kupendeza akaacha nyingine, na akaishi nayo miaka arobaini na mitatu. Sasa angefanya nini, ajitafutie Montaubert mwingine? Alipekua mpaka mwisho wa jina. Hawakuwepo wengine.

Alirudisha kamusi. Alipotoka nje alianza kwenda upande wa nyumbani, akabadili, akaenda upande wa uwanja wa ndege, akabadili tena.

Jumamosi mchana, wanawake wakichambua mchele uani, alimwambia Régine kila kitu. Régine alimsikiliza mikono ikiwa ndani ya ungo, hakuiinua.

"Nikisema, jina inakufa," alisema Donatien. "Miye ndiye wa mwisho. Unasikia? Hakuna mwingine."

"Nasikia."

"Na Léontine je? Wakikasirika?"

"Léontine iko na mudomo yake, atajisemea." Régine akatoa jiwe moja kwenye mchele, akalitupa. "Weye ulifundisha batoto ya Bunia miaka yote ile. Ulikuwa unawapiga kelele, musome mpaka mwisho wa mustari. Nilikuwa nasikia mpaka inje, nikipita na mutungi."

"Régine, nisaidie, usinicheke."

"Sikucheki. Nakusaidia."

Alivaa viatu akatoka. Régine alimsikia akizunguka nyumba, mara moja, mara mbili, mara tatu.

Jumapili baada ya misa wakafunga hema la plastiki uani, wakapanga viti, upande mmoja wakwe, upande mwingine wenyeji. Ilikuwa saa sita, jua limekaza, harufu ya nyama inatoka nyuma ya nyumba. Shangazi Elisabeth aliwekwa mbele kabisa. Léontine alimleta mtoto, akamweka mikononi mwa baba yake, na Donatien akasimama katikati, kaye kwapani, mtoto kifuani.

Akaanza. Nini kingine angefanya? Ulimi uliijua njia. Akamtaja Guillaume na sikio lake, watu wakacheka. Akamtaja Mama Aliénor, wanawake wakapiga vigelegele. Akamtaja Maréchal, vijana wakapiga makofi, "Maréchal! Maréchal!" Akamtaja Honoré. Alipofika Kilo alisema tu, "Na injinia, na babu yangu, munajua," akafunga mdomo. Shangazi Elisabeth alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

Ambroise aliinuka polepole, kofia mkononi. "Tumesikia," alisema. "Iko kitu imebakia?"

"Hakuna," alisema Donatien.

Wengine walishaanza kusogeza viti kuelekea maji ya kunawa. Ambroise hakusogea.

"Iko kitu imebakia?"

Mtoto alifungua macho. Watoto wa wiki tatu hawaoni mbali, hilo kila mtu analijua, lakini alikuwa ameyaelekeza usoni kwa babu yake, na Donatien hakuweza kuyakwepa kwa sababu alikuwa amembeba. Alihesabu moyoni: akisema hakuna mara hii, imebaki moja tu, halafu imekwisha, atakula nyama na jina litaishi. Alifungua mdomo kusema hakuna.

"Iko," alisema.

Mafuta yakasikika yanalia jikoni.

"Iko nusu nzima," alisema Donatien. "Guillaume alikatwa sikio juu ya wizi. Maréchal alichoma batu ndani ya kanisa. Najua tangu nikiwa kijana, nilifunika na mukono. Na babu yangu hakumutoa muzungu mu shimo. Babu yangu alikuwa kapita wa fimbo. Alipiga batu ya Kilo, na alikuwa anaongeza mbili yenye hakuombwa. Hii jina haikutoka kwa injinia. Ilitoka kwa bale benye alipiga. Mumoja ni Dheda, babu yako, bokilo. Alimuacha kiwete." Akawageukia wakwe wote. "Nimemaliza. Hakuna kitu imebakia. Kama munataka kuenda, nitawasindikiza."

Willy alikuwa amesimama, mdomo wazi, anamtazama mke wake. Léontine analia, hajifichi. Mtu mmoja upande wa wenyeji alisema "Aka, Prof!" akanyamazishwa. Ambroise ndiye aliyekuwa hajabadilika chochote.

"Dheda alikuwa na alama ku mugongo," alisema. "Siye bajukuu tulikuwa tunamupakaa mafuta ya mawese, juu ngozi ilikuwa inakamata baridi. Tulijua nani aliandika pale. Donatien, kila arusi ya mutaa huu umesimama na ile shimo yako, na mimi niko nimekaa nyuma, nashika chupa yangu, nanyamaza. Ningekuambia mimi, ungesema nakutukana. Ndiyo tukaomba jina yenu. Juu siku ya jina ni siku moja tu yenye mutu anaulizwa mara tatu."

"Ulijua," alisema Donatien. "Siku ile, pale ku mbao, ulijua."

"Nilijua. Na nilikuwa naogopa utanidanganya. Ya kwanza ulinidanganya."

Donatien aliinamisha kichwa. Halafu akanyoosha mikono, akamrudisha mtoto. "Jina haiwezi kupita. Ni haki yenu. Mupeleke."

"Haitapita, ndiyo," alisema Ambroise. "Ile ya fimbo itabakia kwako, utakufa nayo. Lakini usimurudishe mutoto, kazi yako haiyaisha." Alivaa kofia, akaivua tena, kwa mara ya kwanza na yeye alionekana hajui mikono aiweke wapi. "Dheda na babu yako balikuwa bana ba umuri moja. Balichunga mbuzi pamoja, batoto badogo, mbele ya muzungu kufika na kazi yake. Dheda alikuwa anatwambia: mwenye alinipiga aliitwa Montaubert, rafiki yangu aliitwa Lokana. Hakutaka tusahau moja, hakutaka tusahau ile ingine. Alitupatia yote mbili, tuchunge."

Donatien hakuelewa mara moja. "Lokana nani?"

"Babu yako."

Miaka sitini na saba yule mtu alikuwa ameishi. Alijua jina la askofu wa karne ya kumi na tano na jina la farasi wa Maréchal. "Sema tena," alisema.

"Lokana."

"Baba," alisema Shangazi Elisabeth, akafunika uso na kitenge.

"Mutoto wetu ataitwa Lokana," alisema Ambroise. "Tumekubaliana kwetu, na Willy tulimuambia tu, tutachagua sisi. Ni jina ya kwenu, kama vile tuliomba. Mupatie."

Donatien alimwinua mtoto mpaka sikio likagusa mdomo wake. Mara ya kwanza alilisema vizuri. Mara ya pili alilisema huku machozi yanamdondokea mtoto shavuni, na mtoto akakunja uso. Mara ya tatu sauti haikutoka kabisa. Watu walingoja. Ambroise hakumsaidia, wala hakumharakisha. Ilipotoka ilikuwa ndogo sana, lakini waliokaa mbele waliisikia, wakaipokea, na waliokaa nyuma wakaichukua kwa wale wa mbele.

Wanawake walipiga vigelegele, Régine akaita watu wakanawe, na viti vikaanza kuvurugika, vya wakwe vikaingia kwenye vya wenyeji. Donatien alibaki amesimama pale pale. Ambroise akamvutia kiti, akamgonga begani, akasema, "Kaa, bokilo," naye akakaa. Alikuwa hajakaa hivyo tangu Jumanne.

Akafungua kaye, ukurasa wa kwanza. Juu ya Guillaume palikuwa na nafasi kidogo. Akaandika: Lokana. Alitazama mbele ya jina, hapakuwa na cha kuongeza, si mwaka, si kazi, si mji. Aliigeuza kalamu vidoleni, akamgeukia mkwe wake.

"Alikuwa mutu wa namna gani?"

Ambroise alifikiri, akatabasamu kidogo, akavuta kiti chake karibu.

"Kwanza, alikuwa anaogopa mbuzi dume," alisema.

Na Donatien akaandika.